Kuchora konsepti za filamu za sai-fai: kazi yenyewe inadai nini, na mtu anaingiaje?

Mstari_Mnyoofu:

Wakuu habari zenu. Nina stashahada ya usanifu majengo, AutoCAD na SketchUp ni zana zangu za kila siku, na kuchora kwa mkono naweza. Nataka kuhamia kwenye kubuni konsepti, yaani michoro ya awali ya vitu vitakavyoonekana kwenye filamu za sai-fai (hadithi za kisayansi): vyombo vya angani, miji, mitambo, mavazi. Mafunzo ya YouTube nimetazama mengi, ila karibu yote yanafundisha kupaka rangi. Hayasemi kazi yenyewe inakwendaje ukishapewa skripti.

Naomba mnisaidie haya. Mchora konsepti anakabidhi nini hasa, na kwa nani? Picha moja inapitia hatua gani kuanzia karatasi tupu? Potifolio iwe na nini ili mtu aifungue mara ya pili? Na kwa aliye Dar au Nairobi, mikataba na malipo ya nje yanashughulikiwaje? Majibu ya kina tafadhali, hata yakiwa marefu nitayasoma.

---

Kalamu_na_Karakana:

Karibu mkuu. Nianze na hiyo stashahada: usidhani inakuchelewesha. Ukifuatilia waliojenga fani hii utakuta wengi walitoka kwenye kazi za kiufundi. Syd Mead alimaliza chuo cha Art Center kule Los Angeles mwaka 1959, akaingia Ford kubuni magari ya miaka ijayo, akachora vitabu vya kampuni ya chuma ya United States Steel, na mwaka 1970 akafungua ofisi yake Detroit. Filamu yake ya kwanza, Star Trek: The Motion Picture, ilitoka 1979 akiwa na miaka 46. Ralph McQuarrie alikuwa mchoraji wa kiufundi Boeing, kisha akachora safari za Apollo kwa ajili ya habari za CBS, kabla George Lucas hajampa kazi ya Star Wars mwaka 1975. Ron Cobb hakusomea usanifu popote. Alianzia kwenye katuni za Disney, akachora vibonzo vya siasa magazetini, ndipo akaja kubuni sehemu za ndani za chombo cha Nostromo kwenye filamu ya Alien ya 1979.

Hao wote walikuwa na tabia moja: kabla ya kuuliza kitu kipendeze vipi, waliuliza kinafanyaje kazi. Mfano mzuri ni barakoa ya Darth Vader, yule adui wa Star Wars. Skripti ilimtaka avuke kutoka chombo kimoja kwenda kingine katika anga tupu. McQuarrie akajiuliza huyu mtu atapumua nini, akamchorea barakoa ya hewa. Sura inayojulikana dunia nzima ilitoka kwenye swali la oksijeni. Cobb naye aliitengenezea Nostromo mfumo mzima wa alama za milangoni: hapa kuna mvutano wa bandia, hapa hakuna hewa, hapa ni chumba cha baridi cha kulala. Watazamaji wengi hawazisomi, lakini wanahisi kwamba kile chombo kina wafanyakazi wanaokitumia.

Sasa swali lako la kwanza. Kabla ya kupiga picha, bosi wako ni mbunifu mkuu wa filamu, yule anayebeba sura nzima ya filamu mbele ya mwongozaji. Chini yake wapo waelekezi wa sanaa, wachora ramani za seti, na wachora konsepti. Baada ya kupiga picha, kazi nyingi za konsepti huhamia kwa msimamizi wa picha za kompyuta, kwa sababu kuna maonyesho yanayobadilika wakati wa uhariri na lazima mtu ayachore upya haraka. Kwa hiyo unakabidhi vitu vya aina tatu. Kuna picha ya onyesho, ambayo inamwonyesha mwongozaji fremu yenyewe, mwanga na hisia. Kuna mchoro wa kitu chenyewe kwa pande zake: mbele, ubavuni, juu, nyuma, kwa vipimo. Na kuna karatasi ya maelezo ya fundi: malighafi gani, kipi kinafunguka, kipi kinawaka, mtu anashika wapi.

Wanaoanza hupenda hiyo ya kwanza tu. Wanaoitwa tena kazini ni wale wanaotoa zote tatu, na hapo mtu wa majengo ana faida kubwa kuliko aliyesomea uchoraji mtupu.

Jambo jingine: kubali kubanwa na teknolojia. Mead alipochora pikipiki za mwanga za filamu ya Tron (1982), mwendeshaji alikuwa anaonekana akiwa ameinama juu yake. Kampuni ya MAGI iliyozitengeneza kwenye kompyuta ilikuwa ikijenga vitu kwa kuunganisha maumbo ya msingi kama tufe, silinda na mche. Mwili wa binadamu kwa njia hiyo ungekuwa mzigo usiobebeka, hivyo mwendeshaji akafunikwa ndani ya ganda. Muundo ukabadilika na bado ukabaki kuwa wa kukumbukwa. Unapopewa kikwazo cha namna hiyo, usikasirike na usipunguze ubora. Tafuta umbo ambalo kikwazo chenyewe kinalipendekeza.

Tena angalia Blade Runner (1982). Mead aliitwa kuchora magari. Yeye hakuyaacha yakielea kwenye karatasi nyeupe, aliyaweka mtaani na nyuma yake akachora majengo yenye mabomba na nyaya zilizobandikwa juu ya kuta za zamani. Mwongozaji Ridley Scott akazipenda zile kuta, kazi ya Mead ikapanuka hadi mitaa na vyumba vya ndani. Na wazo lile lilijengeka kirahisi, kwa kuwa filamu ilipigwa kwenye mtaa wa maigizo uliokuwepo tayari ndani ya studio ya Warner Bros. kule Burbank: mafundi waliongeza mabomba na mifereji juu ya kuta zilizosimama. Chora kitu ndani ya mazingira yake, daima.

---

Lenzi27:

Nichukue swali la hatua, na nitumie mfano mmoja ili namba zieleweke. Tuseme skripti inasema: "Alfajiri, mwaka 2090. Pantoni la Kigamboni linatia nanga Magogoni. Bahari imepanda, gati la zamani liko chini ya maji." Una pantoni la urefu wa mita 60.

Hatua ya kwanza ni kuisoma skripti na kalamu. Andika kila kitendo kinachofanyika na kile kitu, si sifa zake. Nani anapanda? Magari yanaingia upande gani? Mhusika anaruka kutoka wapi? Kama onyesho la 40 linasema mtu anajificha chini ya ngazi, basi ngazi lazima iwe na uvungu. Ukikosa hili, hata picha iwe nzuri kiasi gani itarudishwa.

Ya pili ni vijipicha, yaani michoro midogo ya kujaribu mawazo. Chora 20 hivi, kila kimoja sentimita 6 kwa 2.5, kwa rangi tatu tu za kijivu: nyeusi, ya kati, nyeupe. Uwiano huo ni karibu na 2.39 kwa 1, ambao ndio upana wa filamu nyingi kubwa. Ukiona kijipicha hakisomeki katika ukubwa huo, maelezo hayatakiokoa baadaye. Chagua vitatu au vinne vinavyotofautiana kwa wazo. Kutuma vinne vyenye wazo moja na pembe tofauti ni kumpotezea mwongozaji muda.

Ya tatu ni kujenga umbo kwa mabloku kwenye Blender, programu ya kujenga vitu vya 3D, kwa vipimo halisi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Kamera ya Blender inakuja na sensa (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) ya upana wa mm 36. Mpiga picha akikwambia anatumia Super 35, aina ya sensa ya kamera za filamu, upana wake ni mm 24.89. Ukiweka lenzi ya mm 27 na kuacha ile 36, picha yako itaona nyuzi 67 kwa upana. Kamera yake itaona nyuzi 49 na nusu. Umemwonyesha mwongozaji bandari nzima ambayo siku ya kupiga picha haitaingia kwenye fremu, na lawama zitakuja kwako. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, badilisha sensa kwanza, ndipo uchague lenzi.

Kuna hesabu moja ya kukaa nayo kichwani: upana unaoonekana ni umbali ukizidisha na upana wa sensa, ukagawanya kwa lenzi. Kwa umbali wa mita 40 na lenzi ya 27: 40 × 24.89 ÷ 27, unapata karibu mita 37. Pantoni la mita 60 likiwa ubavu haliingii. Ili liingie kamili bila nafasi pembeni unahitaji kurudi mita 65. Hapo fremu ina upana wa mita 60 na kimo cha mita 25. Ukifanya kazi kwa pikseli 3840 kwa 1607, mtu wa sentimita 170 aliyesimama kwenye ubavu huo atakuwa na pikseli 109 kwa urefu. Kama watu uliowachora wana pikseli 200, pantoni lako limenywea hadi nusu na jicho la mtazamaji litalijua hata kama hatasema kwa nini.

Ya nne ni mwanga. Weka jua moja, chagua pembe, toa renda (picha inayotolewa na kompyuta) ya kijivu bila rangi. Alfajiri jua liko chini, vivuli ni virefu, na unyevu wa baharini hufifisha vitu vya mbali: vyeusi vinakuwa vya kijivu, tofauti za rangi zinapungua. Gawanya picha katika tabaka tatu za umbali na hakikisha kila tabaka lina kijivu chake. Ukubwa wa chombo unatoka hapo kuliko kwenye wingi wa madirisha.

Ya tano ni kuchora juu ya renda. Sasa ndipo kutu, matope, nguo, maandishi, michirizi ya maji inaingia. Weka maelezo mengi karibu na pale jicho linapotakiwa kwenda na uache sehemu nyingine zipumue. Kosa la kawaida ni kutawanya vidude vidogo kila mahali kwa kiwango kimoja. Picha inachosha na chombo kinaonekana kidogo. Gawa kwa ukubwa wa aina tatu: umbo kubwa moja au mawili, ya kati machache, madogo mengi lakini yamekusanyika sehemu zenye sababu, kama kwenye viungo, injini na milango.

Ukitumia picha za kupiga, piga zako au nunua zenye leseni ya biashara. Modeli za kununua pia, soma leseni yake kabla. Idara ya sheria ya studio inaweza kudai orodha ya kila kitu ulichotumia.

Kwa muda, mara nyingi vijipicha ni nusu siku, mabloku siku moja, kuchora juu siku moja au mbili. Ukikabidhi, toa faili ya tabaka zenye majina na nakala moja iliyobanwa, rangi za sRGB (mfumo wa rangi wa skrini za kawaida), jina la faili lenye onyesho, kitu, na namba ya toleo ya tarakimu tatu. "Mwisho_kabisa_2" haimsaidii mtu anayetafuta toleo la Jumanne.

---

Mstari_Mnyoofu:

Asanteni sana wakuu, hiyo ya sensa sikuwahi kuisikia popote. Swali la nyongeza: hiyo karatasi ya fundi inaandikwaje? Nimezoea ramani za nyumba za kujengwa kwa tofali, seti ya filamu sidhani kama ni sawa.

---

Bi_Plaiwudi:

Si sawa, mwanangu, na tofauti yake ndiyo inayoua konsepti nyingi pale karakana. Seti haijengwi ikae, inajengwa ipigwe picha na ibomolewe. Fundi anafanya kazi kwa mbao na plaiwudi ya futi 4 kwa 8, yaani mm 1220 kwa 2440. Ukichora ukuta wa chombo wenye paneli za upana wa mm 1300, kila paneli inadai kipande cha ziada na kiungio kinachoonekana. Zipange paneli zako kwa 1220, au 610 ambayo ni nusu yake, na mistari ya muundo wako itaficha viungio vyote. Kwa mtazamaji ni ubunifu, kwa fundi ni nafuu ya siku kadhaa.

Plaiwudi hukunjwa upande mmoja tu. Ukuta uliojikunja kama bomba ni rahisi: plaiwudi nyembamba inayopinda, kiunzi cha mbavu, kazi imekwisha. Ukuta uliojikunja pande mbili kama ganda la yai haukubali plaiwudi kabisa. Huo unachongwa kwenye povu gumu, unapigwa fiberglasi, unasuguliwa, na bei inapaa. Kwa hiyo mikunjo ya pande mbili iweke mahali kamera itakapokaribia, kama kwenye kiti cha rubani au fremu ya mlango, na kwingine tumia bomba na bapa.

Mlango wa kuteleza ndio nauona umekosewa kuliko kitu kingine chochote. Mlango wa sm 90 ukifunguka unahitaji mfuko ndani ya ukuta wa sm 90 na zaidi. Watu wanachora ushoroba wenye milango mitano mfululizo, kati ya mmoja na mwingine sm 50. Hiyo milango itakwenda wapi? Ama uiachanishe milango kwa zaidi ya sm 90, ama mlango upande juu, na hapo ukumbuke kimo cha stejini. Chora mshale wa mwendo na mstari wa nukta unaoonyesha mfuko.

Kamera nayo ni mtu mnene. Ushoroba wa sm 120 unapendeza kwa kubana, lakini kamera, mpigaji, na anayeshika maiki hawapiti humo na waigizaji. Onyesha ni ukuta upi unatoka. Weka alama kwenye ramani: huu unatolewa, huu umekaa. Dari pia, acha vipande vinavyofunguka ili taa ziingie. Ukichora dari nzima ya chuma isiyo na upenyo, mpiga picha ataing'oa na muundo wako utaharibikia mikononi mwake badala ya mikononi mwako.

Taa za ndani ya seti ni raha na ni balaa. Mikanda ya LED ya bei nafuu ikipunguzwa mwanga hupepesa, na kamera inaona michirizi ambayo jicho halioni. Andika kwenye karatasi: LED isiyopepesa, transfoma iko wapi, mlango wa fundi umeme kuifikia uko wapi. Ngazi mpe mwigizaji mapumziko: kimo cha kila kidato sm 17 au 18, kina sm 28. Mgeni wa sayari nyingine anaweza kuwa na ngazi ya ajabu, lakini ndani yake yumo mwigizaji mwenye magoti.

Na kwa mavazi ya angani, helmeti. Kioo chake kinaakisi kila kitu: kamera, taa, watu. Chora kioo kinachotoka, ili maonyesho mengine yapigwe bila kioo na kiwekwe baadaye kwa kompyuta. Ndani unahitaji taa ndogo ili uso uonekane, na feni ili kioo kisipate ukungu. Feni ina kelele, hivyo mtu wa sauti lazima aweze kuizima kutoka nje. Onyesha betri inakaa wapi mgongoni na mwigizaji anakaaje kwenye kiti akiwa na huo mgongo. Kama mtu hawezi kukaa akiwa na vazi hilo, chora pia stuli ya kuegemea. Watu wanacheka hilo, lakini siku ya saa 12 kazini ndiyo itakayoamua kama vazi lako litachukiwa.

Ukubwa wa ramani: kwa Marekani wanapenda robo inchi kwa futi, yaani 1:48, Uingereza utakuta 1:50 na 1:25. Daima weka mtu mmoja kwenye kila mchoro.

---

Kalamu_na_Karakana:

Naongeza kidogo kwa Bi Plaiwudi. Kuna njia ya pili, ya kujenga mwenyewe. H.R. Giger, mchoraji aliyebuni kiumbe cha Alien, hakuishia kuchora kwa brashi ya hewa. Alikaa studio za Shepperton kule Uingereza akifinyanga kwa plastisini na kuchanganya mifupa halisi ndani yake. Umbo lake lilikuwa gumu kuelezwa kwa ramani. Ikiwa muundo wako ni wa kiumbe au kitu chenye mwili, finyanga udongo au tumia ZBrush, programu ya kufinyanga kwenye kompyuta, usipoteze siku kwa michoro ya pande nne. Kwa mitambo na majengo, ramani inashinda.

---

Hesabu_na_Mkataba:

Nijibu upande wa pesa, maana wachoraji wengi wazuri wanaumia hapo.

Los Angeles wachora konsepti wa filamu wako chini ya chama cha Art Directors Guild, ambacho ni tawi la 800 (Local 800) la IATSE, muungano wa wafanyakazi wa filamu na jukwaa. Wachora mavazi wako Local 892. Ukiwa Dar usianze kwa kulenga kiti cha huko. Kazi zinazofikika kwa mbali ni za studio za picha za kompyuta, michezo ya video, matangazo, katuni na filamu huru. Karibu na nyumbani pia kazi ipo: Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya ilitoka 2009, na mwaka 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto, filamu fupi 10 za katuni za sai-fai kutoka nchi za Afrika, zikisimamiwa na Triggerfish ya Afrika Kusini. Ndani yake mna kazi ya Ng'endo Mukii wa Kenya na ya Raymond Malinga wa Uganda. Katuni hula konsepti nyingi kuliko filamu ya waigizaji halisi, kwa kuwa hakuna kitu kinachoweza kupigwa picha bila kuchorwa kwanza.

Bei weka kwa siku, si kwa picha. Picha moja inaweza kurudi mara sita. Siku ni siku. Kupata bei yako chukua mahitaji yako ya mwaka mzima pamoja na kodi, mashine, umeme na akiba, ukagawanye kwa siku 120. Usigawanye kwa 260: kujitegemea kuna miezi ya ukame, na kuna siku za kuandika barua na kudai malipo ambazo hakuna anayezilipia.

Mteja aking'ang'ania bei ya picha, mkataba useme yafuatayo bila kona: marekebisho mangapi yamo (mawili yanatosha), la tatu linalipiwa kwa siku, malipo ya awali kati ya asilimia 30 na 50 kabla ya kuanza, wakifuta kazi katikati unalipwa kiasi gani, na lini unaruhusiwa kuonyesha picha kwenye potifolio. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Haki zote kwa kawaida zinakwenda kwa mzalishaji, na filamu inaweza kukaa miaka bila kutoka. Omba ruhusa ya maandishi kwamba siku filamu ikitoka, au baada ya muda mliokubaliana, unaonyesha zile picha zako.

Mteja wa Marekani atakuomba fomu W-8BEN. Usiogope, haikufanyi mlipa kodi wa huko; inathibitisha kwamba wewe si raia wala mkazi wake. Kazi ya mikono yako iliyofanyika nje ya Marekani haihesabiwi kuwa mapato ya Marekani, kwa hiyo kwenye ankara andika wazi: huduma zote zimefanyika Dar es Salaam, Tanzania. Fomu hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini, kisha unajaza nyingine. Kodi ya kwako unailipa nyumbani kama kawaida.

Pesa ikija kwa SWIFT, mfumo wa benki wa kutuma pesa nje ya nchi, mkubaliane kabla nani analipa makato ya njiani. Neno la benki ni OUR kama mtumaji anabeba yote, SHA kama mnagawana. Kwenye SHA benki ya katikati inaweza kukata bila kukuarifu, na ankara ndogo ndogo zinaliwa vibaya. Unganisha kazi za mwezi ziwe ankara moja.

Usiri wa mkataba uuheshimu mpaka kwenye vitu vidogo. Skripti usiipandishe kwenye programu yoyote ya mtandaoni ya akili bandia, hata kwa kutafsiri tu. Umeitoa nje ya mikono yako na huwezi kuirudisha.

---

Lenzi27:

Kwa kuwa akili bandia imetajwa: Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilitoa mwongozo Machi 2023 kwamba kinacholindwa ni kile kilichotungwa na binadamu. Mzalishaji anataka kumiliki chombo chake ili auze hadi midoli, hivyo picha isiyo na mtungaji ni tatizo kwake. Mikataba inazidi kukutaka utaje ulichotumia. Sema ukweli. Na bila kujali sheria, ukiulizwa "huu mlango unafungukaje?" picha iliyotoka kwenye mashine haina jibu, na wewe usiyeujenga huna pia.

Potifolio sasa. Picha 12 hadi 15, zisizidi. Usiweke vyombo 12 visivyohusiana. Chukua miradi mitatu, kila mmoja uonyeshe safari yake: karatasi ya vijipicha, mabloku ya kijivu yenye maandishi ya lenzi na sensa, picha kuu, pande nne kwa vipimo, na karatasi ya fundi. Ule wa pantoni unaweza kuwa wa kwanza. Mtu wa majengo akileta gati linaloelea, lango la tiketi, reli ya kushika ya sm 100, ngazi inayopanda na kushuka na maji kupwa na kujaa, amejitenga na maelfu wenye chombo cha angani juu ya sayari ya zambarau. Na kitu unachokijua kwa macho kina maelezo ambayo aliye Vancouver hawezi kuyabuni: pale matairi ya zamani yanapofungwa ubavuni kuzuia mgongano, pale kamba inapolika chuma.

Picha dhaifu moja inashusha nyingine zote, maana anayeajiri anapima kiwango chako cha chini. Itoe.

---

Mstari_Mnyoofu:

Nimeelewa, nashukuru wote. La mwisho: mashine. Nina laptopu ya RAM GB 16 isiyo na kadi ya picha, na umeme wa kwetu unakatika. Ninunue nini kwanza?

---

Lenzi27:

Tableti ya kalamu kwanza, isiyo na skrini, ukubwa wa kati. Ya skrini inapendeza lakini inakula bei ya kadi ya picha. Blender ni ya bure na mabloku ya kijivu yanakwenda hata kwenye GB 16 ukitumia Eevee, njia yake ya haraka ya kutoa picha, na kuacha Cycles, njia nzito zaidi, kwa baadaye. Kama laptopu ni ya zamani sana rudi kwenye toleo la nyuma la Blender, kwa sababu matoleo mapya hudai uwezo zaidi. SketchUp yako usiitupe: jenga humo unavyojua, hamisha faili, weka kamera na mwanga Blender. Ukipata pesa, tafuta mashine yenye kadi ya picha ya kumbukumbu ya GB 12 na RAM ya GB 32, kwa kuwa miji yenye modeli nyingi hujaza kumbukumbu ya kadi kabla ya kitu kingine.

Laptopu ina betri, kwa hiyo UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) nunua ya diski ya nje na ruta. Weka programu zihifadhi zenyewe kila dakika 5, nakala moja kwenye diski, nyingine ikae nyumba nyingine kabisa. Na kagua rangi za skrini yako kwenye simu mbili tofauti kabla ya kutuma. Laptopu nyingi za bei ya kati zinaonyesha vivuli vyeupe kuliko vilivyo, na picha yako ya alfajiri itafika kwa mwongozaji ikiwa usiku wa manane.

---

Bi_Plaiwudi:

Na ununue futi ya chuma ya mita 5, uitembeze mfukoni. Pima milango, viti vya daladala, ngazi za gati, kimo cha dirisha la kukatia tiketi. Andika kwenye daftari pamoja na mchoro. Ukimaliza mradi wa pantoni, weka karatasi ya fundi hapa tuikague vipimo.